Mtu wa Taa ya Tatu

Haverley, Surrey
Jumapili, 5 Oktoba 1986

Kwako Babu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limepunguza maudhi kabla upepo wa huko kaskazini haujaanza. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu na anauliza kama unaivaa ile sweta ya kijani. Baba pia anakusalimu, ingawa salamu zake alinipa tangu Ijumaa, maana siku hizi anaondoka na treni ya kwanza kabla sijaamka. Paka amezaa ndani ya kapu la nguo chafu. Watoto watatu, wote weusi.

Bi. Lovibond, mwalimu wetu wa lugha, anasema barua isiyo na swali ni taarifa tu. Basi mimi nina swali, na nakuuliza wewe kwa sababu ulikaa miaka thelathini kwenye dirisha la tiketi la stesheni yetu.

Unamkumbuka yule bwana aliyekuwa akisimama chini ya taa ya tatu jukwaani? Ni mrefu, ana kofia ya kahawia, na huja na baiskeli. Mimi husimama taa ya pili, yeye ya tatu, na Bwana Thripp wa bima na Bi. Venables mwenye kufuma husimama karibu na benchi, kwa sababu hapo ndipo milango inapoangukia treni ya saa moja na dakika ishirini na mbili ikisimama. Huu ni mwaka wa tatu nakwenda shule na treni hiyo, na sijawahi kumsikia bwana huyo akisema lolote zaidi ya "samahani."

Tangu shule ifunguliwe mwezi Septemba, hayupo. Mahali pake yupo mtu mwingine. Anasimama palepale hasa, na amevaa koti la yule bwana. Nimelijua kwa kifungo cha chini, ambacho rangi yake si sawa na vingine. Treni ikifika, mtu huyu hapandi. Sote tunapanda, yeye anabaki, anatutazama madirishani mmoja mmoja mpaka tunaondoka. Kila siku.

Juzi nilimsikia Bi. Venables akimwambia Bwana Thripp, "Umemwona?"

"Nimemwona."

"Amechukua nafasi ya mtu."

"Na koti la mtu," Bwana Thripp akasema, bila kushusha gazeti.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwasikia wale wawili wakisemezana.

Babu, yule bwana wa kwanza anaitwa nani? Na je, inawezekana mtu kuvaa koti la mwenzake kwa nia njema?

Mjukuu wako akupendaye,
Tamsin


Hadlow Moor, Northumberland
19 Oktoba 1986

Mjukuu wangu Tamsin,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Mimi mzima isipokuwa goti. Dada yangu Edith naye mzima, amenunua mashine ya kukaushia nguo na anakaa mbele yake kama yuko sinema. Viazi tumechimba magunia mawili. Simu mliyopiga Jumapili niliisikia ikilia, lakini masikio yangu na simu tuliachana siku nyingi. Wewe andika tu.

Kuhusu swali lako. Tiketi za mwaka huandikwa jina na mtaa wa mwenyewe, kwa hiyo karani wa dirishani huwajua watu wote wasiojuana. Jambo la kwanza tulilofundishwa kazini lilikuwa kuyaacha majina hayo mle ndani tunapofunga dirisha. Siwezi kuanza kuyatoa leo.

Makoti yanafanana, na vifungo vinapotea. Usimkodolee mtu macho sana, na usikubali mtu mwingine ayatumie macho yako. Kusimama jukwaani si kosa. Niliwahi kudhani ni kosa. Tuyaache hayo.

Mwambie Mama sweta imeliwa na nondo.

Babu yako,
Wilfred Akehurst


Haverley
2 Novemba 1986

Babu mpendwa,

Asante kwa barua. Watoto wa paka wamefumbua macho. Nimepata alama ya juu kwenye historia. Baba ana kikohozi lakini hataki kukosa treni. Mama ameisikia habari ya nondo na hakucheka.

Mambo yamekuwa makubwa. Baiskeli tatu zimeibwa kwenye kibanda cha stesheni ndani ya wiki mbili. Unajua Mama ni katibu wa Kamati ya Ulinzi wa Mtaa. Jumatano walikutana sebuleni kwetu, na mimi niligawa chai na biskuti, ndiyo maana nilisikia yote.

Bi. Venables alianza. "Yule mtu anatuhesabu. Sisi tukishapanda, mji huu unabaki na nani? Nyumba zote tupu mpaka saa kumi na mbili jioni. Yeye anasimama pale anaona nani kaondoka."

"Kwangu anabaki mbwa," Bwana Thripp akasema, "na mbwa wangu anampenda kila mtu."

"Mbwa wako, Thripp, atamsaidia kubeba televisheni."

Walicheka, lakini si sana. Nami nikauliza, "Kwani kuna mtu aliyemuuliza anataka nini?"

Babu, walinitazama kana kwamba nimemwaga chai zuliani. Bwana Thripp akanijibu polepole, jinsi watu wanavyowajibu watoto. "Binti, huwezi kumwendea tu mtu usiyemjua ukaanza kumsemesha."

"Lakini yule wa kwanza mnamjua. Miaka tisa mmesimama naye."

"Tumesimama naye, ndiyo," akasema Bi. Venables. "Kusimama na mtu si kumjua."

"Basi yuko wapi?"

"Atakuwa amehamia treni ya saa moja na dakika arobaini," akasema Bwana Thripp. "Watu huhamia."

Niliona aibu, nikataka kufuta upuuzi wangu kwa kusema jambo la maana. Nikawaambia nilichokiona Jumatatu iliyopita. Nilichelewa kidogo, nikapita kwenye kibanda cha baiskeli, nikamwona yule mtu ameinama kwenye baiskeli nyeusi. Mkononi alikuwa na kitu cha chuma kilichong'aa. Aliponiona aliinuka haraka na kukitia mfukoni.

Wote walinigeukia. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunisikiliza namna ile. Mama akachukua kalamu.

Nilifurahi, Babu. Nakwambia wewe tu. Nilifurahi mpaka nilipokwenda kulala, kisha nikaanza kukumbuka uso wake alipoinuka. Hakuwa na uso wa kukamatwa. Alikuwa kama mtu anayetaka kuniambia kitu, akangoja nimpe nafasi, nami nikakimbilia treni.

Au nimeuongeza huo uso mwenyewe? Niambie unavyofikiri.

Tamsin


Haverley
23 Novemba 1986

Kwako Babu,

Hatujambo. Natumaini nanyi hamjambo. Paka mmoja amechukuliwa na jirani.

Wiki tatu zimepita na hujanijibu. Nilimwuliza Mama kama goti limezidi, akasema Shangazi Edith amepiga simu na wewe ni mzima kabisa. Halafu akasema, "Babu yako ana jambo lake na stesheni ile." Nikauliza jambo gani, akaondoka kwenda kufua, na nguo zote zilikuwa safi.

Uliandika kwamba uliwahi kudhani ni kosa, kisha ukafunga dirisha. Sasa nami nimeanza kukushuku wewe, na sipendi.

Mama amepiga chapa maelezo yangu ili apewe askari. Jumatatu ya kwanza ya Desemba askari atakuja stesheni asubuhi, mimi nitie sahihi, naye amchukue yule mtu palepale jukwaani. Nimeisoma karatasi. Imeandikwa: "Nilimwona akikata mnyororo wa baiskeli kwa kifaa cha chuma."

Nilimwambia Mama, "Mimi sikusema akikata. Nilisema ameinama."

"Ni yaleyale, Tamsin. Nimeyanyoosha tu."

"Sikuona mnyororo ukikatwa."

"Na baiskeli tatu zilijikata zenyewe? Watu wamekuamini. Unataka kunivunjia heshima mbele ya kamati nzima?"

Mama si mtu mbaya, unamjua, ni mwanao. Anaogopa. Kila asubuhi anampeleka Baba stesheni na gari, koti juu ya nguo za kulalia kama akina mama wote wa mtaa huu, na akirudi nyumbani anafunga mlango kwa komeo mbili.

Kama hutaniandikia, nitatia sahihi. Sitakuwa na sababu ya kukataa ambayo mtu mzima ataisikiliza.

Tamsin


Hadlow Moor
27 Novemba 1986

Tamsin, mjukuu wangu,

Edith anasalimu. Nimeandika barua nne nikazitia motoni. Hii naipeleka posta mwenyewe leo mchana ikufikie kabla ya Jumatatu.

Mwaka 1961, Mama yako akiwa msichana wa umri wako, kulikuwa na mtu aliyekuja stesheni kila jioni kupokea treni ya saa kumi na mbili na dakika kumi kutoka London. Alisimama karibu na geti, akatazama kila anayeshuka, kisha akaenda zake. Abiria walianza kunong'ona. Mmoja aliniambia mtu yule anawatazama wanawake. Wa pili akasema hivyohivyo. Kufika wa tano, lilikuwa jambo linalojulikana na kila mtu.

Mimi nilijua alichokuwa akifanya. Alikuja dirishani siku moja ya mvua akanieleza bila kuulizwa. Mke wake alikuwa ameondoka baada ya ugomvi, akamwandikia kwamba atarudi kwa treni hiyo, lakini hakutaja siku. "Kwa hiyo nitakuja kila siku," akaniambia. "Itakuwa vibaya akishuka asione mtu."

Lakini abiria walikuwa wateja wangu, na mkuu wa stesheni aliniuliza, "Akehurst, wewe ndiye unayemwona kila siku. Anasumbua watu au hasumbui?" Ningeweza kusema ninalolijua. Nikasema, "Wanasema anasumbua." Maneno mawili tu, Tamsin, na hata hayakuwa uongo. Askari alimshika mkono mbele ya treni nzima. Hakurudi tena.

Siku tisa baadaye alishuka mwanamke na mkoba mdogo. Alisimama getini mpaka watu wote wakaisha. Alikaa kwenye benchi saa nzima. Kisha akaja dirishani akaomba tiketi ya kurudi London, ya kwenda tu. Nilimjua ni nani. Karani huwa anajua. Nilikuwa na jina la mumewe na mtaa wake mdomoni. Nikampa tiketi, nikamwambia aangalie ngazi, zina barafu.

Mama yako alikuwepo. Alikuwa ameniletea chakula. Aliniuliza, "Baba, yule mama analia nini?" nikamwambia si kazi yetu. Nadhani alinisikia vizuri kuliko nilivyotaka.

Yule bwana wa taa ya tatu anaitwa Lionel Garraway. Anakaa Njia ya Kinu. Alinunua tiketi yake ya mwaka kila Januari, na kila mara alinitakia mwaka mwema. Nimelitoa jina lake dirishani. Lichukue.

Usitie sahihi neno ambalo macho yako hayakuliona. Huenda ni mwizi kweli. Lakini kwanza mtu amuulize.

Babu


Haverley
Jumapili, 7 Desemba 1986

Babu yangu mpendwa,

Tunashukuru, sote wazima. Kikohozi cha Baba kimekwisha. Nakuandikia nikiwa jikoni, pai ya tufaha iko kwenye jiko, na Mama yuko hapa hapa akimenya viazi. Anajua ninakuandikia. Hajasema nikusalimu wala nisikusalimu.

Barua yako ilifika Jumamosi. Niliificha kitabuni na kuisoma mpaka nikaikariri. Sikumwambia Mama. Nilifikiri nitamwambia Jumapili, na Jumapili ikapita.

Jumatatu kulikuwa na ukungu. Mama alitupeleka, mimi na karatasi yake. Askari alikuwa ameshafika, anapiga soga na muuza magazeti kama mtu aliyekuja kwa jambo lingine. Bwana Thripp na Bi. Venables walikuwa mahali pao. Na yeye alikuwa chini ya taa ya tatu. Mama akanipa kalamu juu ya boneti ya gari.

"Hapa chini, Tamsin. Haraka, treni inakuja."

"Mama, siwezi. Neno hilo si langu."

"Tutazungumza nyumbani. Sasa tia sahihi."

Nilirudisha kalamu. Nilitembea jukwaani, na Babu, kutoka taa ya pili kwenda ya tatu ni hatua kumi na moja. Sikuwahi kuzitembea. Nilihisi kila mtu amenigeukia ingawa magazeti yote yalikuwa juu.

Nikamwambia, "Samahani, bwana. Unamjua Bwana Lionel Garraway?"

Aligeuka. Kwanza nilidhani amekasirika, na kweli alikuwa amekasirika.

"Miezi mitatu," akasema. "Miezi mitatu nimengoja mtu alitaje jina hilo. Mmemfanya nini ndugu yangu?"

"Hatujamfanya kitu. Yuko wapi?"

"Amekufa. Tarehe ishirini na tisa Agosti, ofisini kwake, akipanda ngazi."

Anaitwa Clement. Alinieleza pale pale, akisema harakaharaka kama maji yaliyofunguliwa. Kila Jumapili Lionel alikwenda kula kwake, na kila Jumapili alimsimulia habari zetu. Marafiki zangu wa treni, alituita. Alijua kwamba Bi. Venables amemaliza blanketi la mjukuu wake wa nne, alijua wiki ambayo Bwana Thripp alifunga tai nyeusi, alijua siku niliyosahau vitabu nikalia. Clement alipomzika alipanga viti themanini kanisani. Walikuja watu wanne, pamoja na kasisi.

"Nikaja kuona ninyi ni watu gani," akasema. "Nilidhani mlikosana naye. Au alikuwa akinidanganya, hana rafiki hata mmoja. Nikasimama alipokuwa akisimama, nikavaa koti lake. Nikajisemea, lazima mtu mmoja atauliza, mwenzetu yuko wapi? Hakuna aliyeuliza. Basi nikarudi kesho yake."

"Kwa nini hukusema mwenyewe?"

"Kwani unaanzaje kumsemesha mtu usiyemjua?"

Askari alikuwa amefika nyuma yangu, Mama akiwa naye. Akauliza kuhusu chuma cha kwenye kibanda. Clement akatoa mfukoni mtungo wa funguo. Kulikuwa na baiskeli nyeusi kadhaa pale, na hakujua ipi ndiyo aliyoiacha ndugu yake siku ile, kwa hiyo alikuwa akizijaribu funguo zake kwenye kufuli moja moja. Nilizitambua. Kilichong'aa mkononi mwake siku ile kilikuwa hicho tu.

Nikageuka. Sijui nilipata wapi sauti, maana jukwaani kwetu hakuna anayepaza sauti. Nikasema, "Bwana Thripp, yule bwana aliyekuwa akisimama hapa alikuwa Bwana Lionel Garraway. Hakuhamia treni yoyote. Amekufa tangu Agosti. Huyu ni ndugu yake."

Magazeti yalishuka moja baada ya jingine. Bwana Thripp alivua kofia yake. Bi. Venables akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Alikuwa ananifungulia mlango. Kila siku. Kila siku ya Mungu." Kisha treni ikafika na wote tukapanda, kwa sababu ile ya saa moja na dakika ishirini na mbili haimngoji mtu, lakini Bwana Thripp aliteremsha kioo akaita, "Garraway! Kesho utakuja?"

"Mnataka nije?"

Treni ilikuwa imeshaondoka.

Jumanne hakuja. Jumatano hakuja, na siku hiyo baiskeli ya nne iliibwa, kwa hiyo askari ameanza kumtazama muuza magazeti, ambaye huwa pale kila siku. Bi. Venables alimwambia Bwana Thripp, "Mimi yule nilimshuku tangu zamani," naye akakubali. Niliwaacha. Siwezi kuubadilisha mji mzima kwa wiki moja.

Mama hakunisemesha mpaka Jumatano jioni. Karatasi hakuichana, aliikunja akaiweka kwenye mkoba. Nikampa barua yako aisome. Alisoma amesimama, koti bado liko mwilini. Akasema, "Nilimwona yule mama. Alikuwa na glovu moja tu." Akaenda kuoga maji ya moto na akakaa humo muda mrefu.

Babu, nina swali, kwa heshima. Mtu wako wa mwaka 1961 hukumtaja jina. Najua unalikumbuka. Najua na mtaa wake unaukumbuka. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minne na sitakwambia la kufanya.

Alhamisi ilikuwa baridi kali, reli zimeganda nyeupe. Nilifika mapema. Chini ya taa ya tatu hapakuwa na mtu, na watu walikuwa wamepaacha wazi, wakapita pembeni. Treni ilikuwa imebakiza dakika nne nilipomwona akipanda ngazi, safari hii amevaa koti lake mwenyewe, la kijivu. Alisimama juu ya ngazi kama mgeni aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Bwana Thripp alilitazama gazeti lake, akanitazama mimi, akalitazama tena gazeti.

Bi. Venables ndiye aliyesema, bila kuinua macho kwenye sindano zake.

"Umechelewa, Bwana Garraway."

Kisha akaushusha mfuko wake wa sufi kutoka kwenye benchi, ili apate pa kukaa.

Nakutakia usingizi mwema na goti jepesi,
mjukuu wako,
Tamsin Ockenden